Opareta na Ile ya Ngazi

Meli ilipotia nanga asubuhi, Opareta alikuwa amekwisha kuvaa viatu na kukaa ukingoni mwa kitanda, kofia magotini. Mkewe alikuwa bado anahangaika na zipu ya mkoba.

"Umekaa kama mtu anayengoja kuitwa mahakamani," mkewe alimwambia.

"Tangulia basi ukaniwekee dhamana," akajibu, lakini hakucheka.

Opareta lilikuwa jina la ujana wake, alipokuwa akiendesha mashine katika ukumbi pekee wa sinema mjini kwao. Ukumbi ule ulikuwa umegeuzwa ghala la magodoro zamani, naye akawa fundi wa redio, lakini jina lilimganda. Mkewe alikuwa akikaa dirishani akiuza tiketi, na huko ndiko walikoonana. Yeye alikuwa juu na mashine, mke chini kwenye kibanda chake, na baina yao ukuta mmoja na ngazi ya chuma.

Katika sinema zote walizowahi kuonyesha, moja haikuchosha watu. Ilikuwa na jina lake rasmi, ila hakuna aliyelitumia. Watu waliiita Ile ya Ngazi, kwa sababu ya kile kipande ambapo msichana anashuka ngazi za mawe mbio, sanduku mkononi, na mpenzi wake anamngoja kando ya kisima. Kampuni iliyokodisha mikanda ilifilisika, na hakuna aliyekuja kuuchukua ule mkanda. Ukabaki kwenye makopo yake chumbani kwa Opareta, naye akauonyesha kila picha mpya zilipokosekana, yaani karibu kila wiki.

Sasa meli ya kitalii ilikuwa imewaleta kwenye mji wenyewe sinema ile ilikopigwa. Binti yao mkubwa, mfamasia, ndiye aliyeichagua safari na kuilipia. Baba yake alimwita Meneja tangu utotoni, kwa kuwa hata kuku wa nyumbani alikuwa akiwapangia zamu ya kula. Safari ilikuwa zawadi, lakini zawadi yenye neno ndani yake, na wote watatu walilijua neno hilo.

Mwezi uliotangulia Opareta aliteleka birika jikoni, akaenda zake karakanani. Maji yaliisha, birika likaungua, na pazia lilikwisha kuanza kushika moto jirani alipopiga kelele. Kabla ya hapo alikuwa amemwita mjukuu wake kwa jina la kaka yake yeye mwenyewe, marehemu, tena mara kadhaa. Meneja alimwomba aende kwa daktari, akakataa. Akamwomba aifunge karakana, yenye waya na chuma cha kulehemu, wahamie kwake yeye na mama, akakataa zaidi. Tangu siku hiyo walizungumza kwa adabu kama wageni.

Kwenye kifungua kinywa Opareta aliweka kikombe chini.

"Meneja, leo natangulia mimi. Zile ngazi nazijua kuliko nyumba yangu. Kabla hatujakata kona nitakwambia kilichopo mbele. Nikipatia, habari ya daktari iishe, na karakana yangu usiiguse. Nikikosea, tukirudi naifunga mwenyewe, bila neno."

"Baba, nani kakudai dau?"

"Nimejidai mwenyewe."

"Ninyi wawili mnachezea mambo," mke alisema, akapaka siagi mkate ambao hakuula.

Opareta hakuwaambia kwamba dau lile alikuwa ameliweka na nafsi yake kwanza. Majina yalikuwa yakimponyoka, na siku nyingine aliingia chumba akasahau alichofuata. Lakini sinema ile ilikuwa kichwani mwake yote, tangu mwanzo hadi mwisho. Kama nayo imeharibika, basi hakuna kilichobaki kizima, na afadhali ajue.

Mwongozaji alikuwa mwanamke kijana mwenye kofia ya ukili na tableti iliyofungwa kamba shingoni. Aliwakusanya abiria bandarini akaanza kupanda nao mjini. Opareta alitembea mbele kabisa, mikono nyuma. Walipokaribia posta, alisema bila kugeuka, "Mlango una nguzo mbili, na saa juu yake." Ulikuwa na nguzo mbili, na saa juu yake. Kwenye uwanja wa soko alisema kuna sanamu ya farasi asiye na mpandaji. Farasi alikuwepo, njiwa kichwani.

"Mzee, wewe ulikuwa kwenye hiyo sinema nini?" mwongozaji aliuliza.

"Nilikuwa nyuma yake," Opareta alisema.

Meneja alianza kutabasamu. Alimshika mama yake mkono na kumnong'oneza, "Tutakoma, mama. Atatutambia mpaka mwaka kesho." Hakuonekana kusikitika kwamba anashindwa.

Kisha barabara ikawa nyembamba, ikaanza kuteremka, na mwongozaji akasimama kwenye kona ya nyumba yenye madirisha ya buluu. "Ngazi zenyewe zipo baada ya kona hii. Mzee, tuambie."

Opareta alifumba macho. Hakuhitaji kufikiri. "Kisima kiko mkono wa kulia. Tao la mawe mkono wa kushoto, na juu ya tao roshani ya chuma. Bahari iko chini, mwisho kabisa."

Wakakata kona.

Bahari ilikuwepo chini. Kisima kilikuwa mkono wa kushoto. Tao na roshani yake vilikuwa mkono wa kulia.

Abiria walianza kupiga picha. Hakuna aliyejali mzee alisema nini. Opareta alisimama. Akatazama mikono yake, wa kulia, wa kushoto, kama mtoto anayefundishwa kula. Halafu akashuka zile ngazi peke yake hadi chini, akageuka, akatazama juu. Kutoka huku kisima kilikuwa kulia kama alivyosema. Labda kamera ilisimama huku. Lakini sasa bahari ilikuwa mgongoni mwake, na katika sinema bahari ilikuwa mbele, nyuma ya mpenzi wa msichana. Haikuingia akilini. Akapanda tena, polepole, akishika ukuta.

"Kamera ilisimama wapi, binti?" alimwuliza mwongozaji.

"Hapa hapa tuliposimama, mzee. Wameweka alama kwenye jiwe, unaiona?"

Aliiona. Akamgeukia Meneja. "Basi," alisema. "Tukirudi naifunga."

"Baba, kulia na kushoto tu. Mimi mwenyewe huchanganya."

"Wewe hukuitazama kila wiki." Sauti yake ilikuwa shwari, na hiyo ndiyo iliyomtisha Meneja. Alikuwa ameshinda dau na hakujua aweke wapi mikono yake.

Mwongozaji, ambaye hakujua lolote kati ya hayo, aliinua tableti. "Sogeeni, niwaonyeshe kipande chenyewe, mlinganishe." Watu wakasogea. Kwenye kioo cha tableti msichana alianza kushuka, sanduku linamgonga goti. Kisima kushoto, tao kulia, kama ngazi zilivyokuwa mbele yao. Opareta alitazama sura ya msichana aliyemfahamu kuliko shangazi zake, akiwa amewekwa upande asiowahi kuwekwa. Msichana alifika kisimani, mwanamume akamshika bega, wakaanza kuzungumza kwa haraka, juu ya treni na mama yake mgonjwa.

Mke wa Opareta, aliyekuwa nyuma ya watu na haoni kitu, alisema kwa sauti, "Mbona wanaongea hao?"

"Wanaagana, mama," mwongozaji alimjibu.

"Hapo hawaongei."

"Mama, na wewe!" Meneja alisema. "Usianze."

"Nianze nini? Mimi sinema hiyo sijaiona hata siku moja. Nilikuwa dirishani. Lakini nimeisikia mpaka ikanitoka masikioni. Mbio za viatu zinakuja, halafu kimya, halafu ile santuri ya tarumbeta. Santuri ikianza ndipo nafunga dirisha nikanywe chai. Hapo hapana maneno. Muulize baba yako."

Opareta aligeuka taratibu. "Umesema santuri?"

"Si uliipiga mwenyewe? Mbovu, inarukaruka."

"Niliipiga kwa sababu sauti ilikufa," Opareta alisema. "Kipande kile kilikuja bila sauti. Hapana. Hakikuja bila sauti. Kilikatika." Akaanza kutembea akizunguka pale pale. "Kilikatika mwanzo wake na mwisho wake mimi nikiwa mgeni kazini, watu wanapiga miluzi, wanarusha maganda ya karanga. Nikakiunga kwa mkasi na gundi, kwa taa ndogo. Tangu siku ile sauti ikafa. Na picha ikawa inalegea, haikai wazi, kila kikifika kipande kile nazungusha lenzi kidogo, kikipita nairudisha. Nilidhani ni uzee wa mkanda."

"Sasa?" mke aliuliza.

Opareta alikuwa amekwisha kuona kinyozi kando ya ngazi, mlango wazi. "Binti, niazime hiyo tableti. Njoo nayo, isikutoke shingoni, njoo tu."

Kinyozi alikuwa na mteja kitini, povu hadi masikioni. Aliona watu wanne wanaingia, akainua wembe juu. "Karibuni, lakini mjue kuna foleni, na huyu hajalipa."

"Hatunyoi," Opareta alisema. "Tunataka kioo tu."

Akamwomba mwongozaji aisimamishe tableti, uso wake uelekee kwenye kioo kikubwa, juu ya kichwa cha mteja. Msichana alianza tena kushuka. Kiooni, kisima kilikuwa kulia na tao kushoto, na roshani juu ya tao.

"Ndiyo hiyo!" Opareta alisema. "Punguza sauti. Zima kabisa. Ndiyo hiyo!"

Mteja mwenye povu aliuliza kama kuna mtu aliyepotea.

Opareta aliwaeleza pale pale, kwa vidole. Mkanda wa sinema una matundu pande zote mbili, kwa hiyo ukiugeuza, mashine inaumeza vilevile, wala hailalamiki. Picha inatoka, ikilegea kidogo, ila kulia kunakuwa kushoto. Sauti lakini imeandikwa kwenye ukingo mmoja tu, na mashine husoma ukingo huo mmoja. Ukigeuza mkanda, sauti inakwenda upande ambao hakuna wa kuisoma. "Nilikiunga nje ndani," alisema. "Mji mzima umeangalia sinema kinyume, kwa mkono wangu!" Na alicheka mpaka akashika meza ya kinyozi.

Walipotoka nje, mwongozaji alilifuata kundi, lililokuwa limeshafika kisimani. Watatu hao walikaa kwenye ngazi kivulini.

"Haya, nani kashinda?" mke aliuliza.

"Baba," Meneja alisema. Macho yake yalikuwa na maji, na alikuwa akijifanya anatafuta kitu mkobani.

"Usinionee huruma. Nilisema kulia, kipo kushoto. Nimekosea."

"Umesema ulichokiona."

"Hilo sawa. Kichwa kilishika kile mkono ulichokipa." Akavua kofia, akaipangusa, akaivaa tena. Kwa muda ilionekana kama mambo yameishia hapo, kwamba sasa watainuka waende wakatazame kisima. Kisha Opareta akasema, "Birika ni jambo jingine."

Meneja aliacha kupekua mkoba. Tangu siku ya moto hakuwa amelitaja birika kwa kinywa chake.

"Nimelifikiria kila upande. Hili la mkanda nimelifuata nyuma, nimeona mkasi, nimeona taa, nimeona nilipokosea. Lile la birika nikilifuata nyuma sikuti kitu. Sikumbuki hata kuliteleka. Wala si kwamba nimesahau kulitoa. Ni kama hakuna mtu aliyeliweka."

Mkewe alimwekea mkono mgongoni na kuuacha hapo.

"Nitakwenda kwa daktari," Opareta alisema. "Si kwa sababu ya dau. Dau tuliache. Lakini karakana ibaki wazi mpaka daktari aseme. Akisema funga, nafunga."

"Sawa," Meneja alisema upesi, kama anayeogopa bei itapanda. "Sawa, baba. Na chuma cha kulehemu uwe unakitumia akiwepo mtu."

"Umeanza."

"Nimemaliza."

"Na huko kwa daktari ataingia mama yako. Wewe utakaa nje."

"Baba! Mimi ndiye mfamasia!"

"Ndiyo maana. Wewe utajibu maswali yangu kabla sijayasikia. Mama yako atanyamaza, aniache nikosee, ndipo aseme."

"Na nitasema yote," mke alisema, "usije ukanikonyeza. Nitasema mpaka ile ya juzi, uliyoingia chumba cha watu melini ukakaa kitandani kwao ukavua viatu."

"Milango ile inafanana! Hata nahodha angekosea."

"Nitamwambia na hilo, la kwamba inafanana. Aamue mwenyewe."

Meneja alikuwa amekwisha kutoa simu na kutafuta namba ya kliniki. Opareta alimwambia angoje angalau wafike nyumbani. Hakungoja.