Nilimfundisha Mwenye Nchi

Mimi si mtu wa wivu, lakini mwaka 2012 nilikionea wivu kiti. Kilikuwa kando ya changu, mapokezi ya kampuni moja ya bima hapa Doha, na aliyekikalia alilipwa karibu mara saba ya mshahara wangu kwa kazi ileile ya kupokea wateja, kuwapangia miadi na kutabasamu. Jina lake Aljazi. Yeye alikuwa mwenye nchi, raia wa Qatar, mimi ni Nasra wa Pangani. Mambo yalikuwa yamekwisha hapo, kabla hajawasha hata kompyuta.

Nilitaka kumchukia, wallahi, nikashindwa. Kila asubuhi aliniletea chai ya karaki, ile ya maziwa na iliki, akaniita dada, akanisimulia habari za harusi za binamu zake mpaka mbavu zikaniuma kwa kucheka.

Shida yangu ilikuwa nyingine. Mama alikuwa akisafishwa damu Dar es Salaam kwa mshahara wangu, na mshahara haukutosha. Hoteli moja ilikuwa tayari kunilipa mara mbili, ila ilitaka enoosi, yaani barua ya mwajiri ya kuniruhusu kuhama. Nikiacha kazi bila barua hiyo ningerudishwa kwetu, nikae miaka miwili ndipo nifikirie kurudi. Meneja aliniahidi kwamba Aljazi akishaiweza kazi, atasaini. Akaniusia nisimwambie mtu yeyote, wasije na wengine wakaomba.

Basi nikamfundisha kufa na kupona. Akikosea namrekebisha, mteja mkali akija namsukumia yeye, mimi naomba dua kimoyomoyo. Binti alikuwa mwepesi. Wiki ya tatu nikaanza kukunja nguo zangu chumbani kwetu mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, na Mwanahamisi tunayelala naye akanitania kwamba nimeshahamia hotelini kabla ya godoro langu.

Siku moja Aljazi akaniuliza napokea kiasi gani. Alidhani namzidi, kwa kuwa nimemtangulia kazini. Nikamwambia. Akaweka kikombe chini, macho yakamjaa machozi.

"Na wewe ndiye unayenifundisha?" akaniuliza.

Nilimsihi ayaache. Hakuyaacha. Aliingia kwa meneja, akakaa huko muda mrefu, akatoka anatabasamu kama mtu aliyeninunulia gari. Nikaitwa. Mezani palikuwa na mkataba mpya wa miaka miwili, na nyongeza ya riyali mia tatu.

Nikamkumbusha meneja ile barua. Akasema Aljazi amemwambia hawezi kazi bila mimi, na baba yake Aljazi ana hisa katika kampuni.

"Nikikuachia uende, nitamwambia nini?" akasema.

Nilirudi mapokezi. Nilikuwa na hasira na nilikuwa na aibu ya kuwa na hasira, maana binti alinitakia mema. Nikamweleza yote: hoteli, Mama, barua. Alinitazama kwa huruma ya kweli, tena kwa mshangao.

"Lakini kama unataka kuondoka, si uache kazi tu?"

Nikamwambia pasipoti yangu iko kwenye kabati la meneja. Hakujua. Alifikiri iko mkobani mwangu, kama yake. Akanishika mkono, akaapa kwamba Jumapili, wiki ikianza, atamwambia meneja asaini, na meneja hatathubutu kumkatalia. Nilimwamini. Nikaipigia hoteli simu, nikawaomba wanisubiri mpaka Jumatatu, wakakubali shingo upande.

Jumapili hakuja. Nikamtetea moyoni: foleni, mafua, wageni. Adhuhuri meneja akapita akasema Aljazi amepata kazi wizarani, mshahara mkubwa zaidi, amepiga simu asubuhi kuaga. Nikamwomba barua tena. Akaniambia sasa ndiyo haiwezekani kabisa, kwani mapokezi nimebaki peke yangu.

Nilimpigia Aljazi mara nyingi. Jioni akajibu kwa ujumbe. Aliomba radhi, siku ilikuwa na pilikapilika, watu wa huko ni wazuri na kazi ni nyepesi. "Njoo na wewe, dada yangu," aliandika. "Waambie tu umeacha."

Nilimjibu inshallah. Kisha nikaingia kwa meneja nikasaini ule mkataba wa miaka miwili, maana Alhamisi Mama alitakiwa hospitali.