Mita Moja na Nusu

Waliomwita Mzee Kipimo hawakumkosea. Kwa miaka kumi na tisa aliteremka mtoni kila asubuhi, akasoma ubao wa namba uliosimikwa majini, akaandika kina cha maji kwenye fomu, na mwisho wa mwezi akaituma mjini. Shule aliiacha darasa la tatu, lakini namba hazikuwahi kumpiga chenga.

Leo alikaa kiti cha nyuma kabisa kwenye ukumbi wa ofisi ya maji, kofia mapajani. Wakubwa walikuwa wanapanga mradi wa kitaifa wa kuokoa mabonde ya mito: wapi ipandwe miti, wapi zijengwe kingo, nani aanze. Yeye alifuata jambo moja tu. Binti yake na wajukuu wawili walikuwa wanalala chini ya kilima kipara kilekile ambacho, miaka minne nyuma, kilimeguka na mvua kikamfukia mkewe, birika la chai mkononi. Bonde lao liingie awamu ya kwanza, basi.

Ramani ikawashwa ukutani. Mabonde mekundu ndiyo ya kwanza. La kwao lilikuwa la kijani.

"Hilo mmelipaka vibaya, mwanangu," akasema kabla hajaruhusiwa.

Mtaalamu, binti wa miwani, akatabasamu. "Shikamoo, mzee. Kompyuta ndiyo imepaka. Mto wenu umetulia mno. Tazama: miaka minne, mita moja na nusu. Masika, kiangazi, mita moja na nusu!"

"Huo ndio mto wenye adabu," mwenyekiti akachombeza. Meza nzima ikacheka.

Mzee Kipimo aliikunja kofia yake. Namba zile zilikuwa za mkono wake. Udongo uliomfukia mkewe ulishuka mpaka mtoni ukang'oa na ubao. Alipiga simu ofisini matope ya kaburi yangali kwenye kucha. Aliyepokea ni mwenyekiti huyuhuyu, enzi hizo mkuu wa takwimu: "Ubao utakuja. Kwa sasa jaza namba ya mwisho, fomu isije na nafasi tupu." Akajaza. Ubao haukuja. Akaendelea kujaza, mwezi nenda mwezi rudi, kama mtu anayemwagilia kisiki.

Akasimama. "Namba hizo za uongo. Ubao haupo. Niliandika kwa sababu wewe uliniambia niandike, mheshimiwa."

Kicheko kikakatika.

"Mimi?" mwenyekiti akauliza. "Una barua?"

"Nina kaburi."

Mkubwa hakosei, hukosewa. Mwenyekiti akageukia makaratasi yake kana kwamba nzi amepita. Binti wa miwani ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini: "Kama ni hivyo, itabidi tuzifute." Akabonyeza. Kijani kikatoweka, bonde likabaki jeupe.

"Jeupe ni awamu ya ngapi, mwanangu?"

"Si awamu, mzee. Bonde lisilo na takwimu haliingii kwenye mpango. Mpaka tusome upya, miaka mitatu hivi."

"Ubao utakuja," mwenyekiti akasema, bila kuinua macho.

Alifika nyumbani jua lingali juu, lakini mawingu yalishaanza kubebana mgongoni mwa kilima. Binti yake alikuwa anaanua nguo.

"Enhe, baba, tumo?"

Mzee alimpita mlangoni. Aliingia ndani, akapiga magoti, akaanza kukunja godoro la wajukuu.