Sori ya Shemeji

Mume wangu ni fundi seremala, na akinuna hununa kweli. Mdogo wake, waliyekuwa wakichonga naye makabati kwenye karakana moja, alimwambia mbele ya wateja kuwa mikono yake imezeeka. Wakarushiana maneno, shemeji akabeba begi lake akahamia kwa wakwe zake. Mume wangu alitaka neno moja tu: samahani. Bila hilo, karakanani asikanyage.

Kisha msumeno ukamkata kidole. Nilikuwa bado namfunga bendeji simu yake ilipolia. Shemeji alikuwa ameandika neno moja: "Sori."

"Si samahani hiyo?" nikasema, moyo ukanitulia.

"Samahani wapi! Kasikia nimeumia, ananipa pole. Pole hata mpita njia atanipa."

"Baba wee, hicho Kiingereza. Sori ni pole, sori ni samahani, hata usiposikia alichosema mtu unamwambia sori."

"Ndiyo maana kaichagua. Mjanja yule." Akajibu kwa mkono uliobaki mzima: "Asante. Nimeshapoa."

Nilitamani kumpokonya ile simu. Sikumpokonya, nikaenda kuinjika chai.

Baada ya siku chache mke wa shemeji alikuja kurudisha ufunguo wa karakana. Mume wangu akainua bendeji yake. "Mwambie kidole hakijambo."

"Kidole gani, shemeji?"

Tukatazamana. Kumbe hatukuwa tumemwambia mtu.

"Aliandika akafuta, akaandika akafuta," alisema yule dada. "Akaniambia samahani inamkaba koo, labda sori itapita. Begi lilikuwa mlangoni, anangoja tu umwambie njoo. Jibu lako lilipofika akasema, 'Kaka kanijibu kama mteja.' Basi akaikubali kazi ya melini aliyokuwa ameitiwa. Meli imeondoka naye jana."

Hasira zikanipanda, nikawachukia wote wawili. Watu wazima wa tumbo moja, kushindwana kwa neno la kuazima! Mume wangu alikaa kwenye kabati lisilo na milango, machozi yakamtoka bila kujificha.

"Mwandikie," akaniambia. "Mwambie mimi ndiye ninayeomba samahani. Iandike yote, kwa Kiswahili."

Nikaandika, nikatuma.

"Kajibu?" akaniuliza.

Ujumbe ulikuwa haujamfikia.