Seli za Profesa Pascoe Zisisumbuliwe

Katika maabara yetu ya Melbourne tulitembea kwa kunyata. Profesa Desmond Pascoe alikuwa na imani moja: seli kubwa za uboho, zile zinazozaa chembe sahani za kugandisha damu, zinataka utulivu. Kwa miaka kumi na tisa alizitunza kama mwali wa ndani, nazo zikamzalia chembe za kuhesabika kwa vidole. Katika ripoti zake hali hiyo iliitwa "maendeleo ya kutia moyo."

Jumatatu moja fundi wetu wa maabara, Thuy Banh, alikuta mashine ya kukorogea seli polepole imeharibika na kwenda kasi. Siku mbili nzima ilikuwa imezisukasuka seli kama maziwa kibuyuni. Badala ya kuzimwaga, akazipima. Akapima tena. Akaniita.

"Hebu njoo uone. Zimezaa mara mia!"

Pascoe akaingia na kahawa yake, nusura kikombe kimponyoke.

"Umezitikisa? Seli zangu?"

"Zimetikiswa na mashine, Profesa. Lakini tazama hesabu."

"Binti, hizo ni takataka kwenye lenzi."

"Basi takataka hizo zinagandisha damu. Nimezijaribu."

Aliinamia hadubini, akahesabu mwenyewe. Kisha akasema, "Unajua, mimi siku zote nilikuwa nashuku hivyo."

Miezi minane baadaye alisimama mbele ya wataalamu mia tatu huko Adelaide kueleza "nadharia yake ya msukosuko." Jina la Thuy lilikuwa kwenye shukrani, chini ya la duka lililotuuzia vioo vya maabara, tena limekosewa. Thuy alikaa kando yangu, midomo kaibana.

Ndipo akainuka daktari mmoja wa mji wa Ballarat, mama anayetibu wagonjwa wa saratani ya damu.

"Mnazikoroga kwa kasi gani? Na kwa muda gani?"

Pascoe akakohoa. "Kasi ya... ya kiasi."

"Kiasi gani, bwana? Wagonjwa wangu wanavuja damu, wewe unaniambia kiasi!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Pascoe akatutafuta kwa macho ya mtu anayezama. Thuy akasimama, akajibu maswali dakika arobaini bila karatasi. Wakati wa chai foleni ilikuwa kwake. Pascoe alibaki peke yake akichambua sandwichi.

Kufikia Krismasi Thuy alikuwa Ballarat, na maabara yake mwenyewe. Pascoe naye akapewa tuzo: mlezi bora wa vipaji. Thuy alialikwa kumsifu. Alikuja, akasema, "Kwake nimejifunza mengi," akala keki mbili, akawahi treni ya saa tisa.