Mafuta Yapi?

"Hiyo ya kofia nyekundu weka kwenye mafuta!" Shangazi alipaza sauti kutoka uvunguni mwa gari. "Yote! Usibakize!"

Mkunga alizitazama chupa mbili za dawa ya gari zilizokaa juu ya ukuta wa kibaraza, moja ya kofia nyekundu, nyingine ya bluu. Maandishi yake yalikuwa ya herufi za nchi ya mbali, yamepangana kama njiti za kiberiti zilizomwagika, wala hapakuwa na picha ya kumsaidia mtu. Muuza vipuri alikuwa amemweleza Shangazi kazi ya kila moja, na sasa Mkunga alikuwa anaelezwa na miguu miwili iliyotokeza chini ya bampa.

Akafungua kifuniko cha tangi ubavuni mwa gari, akapachika mrija wa kumiminia, akamimina. Yote. Hakubakiza.

Gari lenyewe Mkunga alikuwa amelinunua wiki ile ile kwa dalali wa mtaa wa pili. Watu walisema ni gari la mkono wa pili, lakini kwa jinsi viti vilivyobonyea, hiyo mikono ilikuwa mingi kuliko hesabu ya dalali. Siku ya kwanza lilikwenda vizuri. Siku ya pili likaanza kutetemeka kila liliposimama, na kwenye mlima likawa linakwama pumzi. Alipomrudia jana, dalali hakubisha.

"Uchafu tu huo, dada. Lisafishe injini na njia za mafuta, litaimba. Likigoma mpaka kesho jua linazama, nakuja kulichukua nakurudishia chako. Yupo mtu analitaka hivyo hivyo lilivyo."

Maneno hayo yangemfurahisha mnunuzi mwingine. Mkunga yalimnyima usingizi. Kliniki ilikuwa inatafuta mkunga wa kuzunguka majumbani, wa kuwafuata waliojifungua huko waliko, na sharti lilikuwa moja tu: aje na gari lake keshokutwa asubuhi. Mwenzake wa zamu, ambaye mumewe ana gari, alikwisha kuulizwa kama yuko radhi, naye akacheka kwa haya ya uongo na kusema atafikiria. Bila gari, Mkunga angebaki wodini akizalisha na kuruhusu, akizalisha na kuruhusu, halafu usiku anajigeuza kitandani akijiuliza yule binti wa kitanda cha dirishani alifikaje kwao na mshono wake.

Ndiyo maana alimwita Shangazi. Miaka yote ya kazi yake Shangazi aliendesha gari la wagonjwa, mpaka macho yalipoanza kumsaliti. Injini aliijua kwa kuipapasa. Tatizo la Shangazi halikuwa mikono. Lilikuwa kwamba akishakusemesha neno mara moja, ameshamaliza.

"Washa sasa!" aliamuru, akijikung'uta vumbi. "Iache ingurume taratibu, dawa izunguke."

Mkunga aliwasha. Injini ikanguruma, ikasitasita, ikaanza kugonga kama mtu anayetwanga kwa hasira. Moshi mweupe ukafoka nyuma na kuzifunika shuka zilizoanikwa. Kisha gari likajitikisa mara moja, likanyamaza. Alipojaribu tena, lilitoa sauti ya mzee anayekataa kuamshwa.

"Usilikanyage, mama! Hilo gari, siyo nyoka!"

"Sijalikanyaga, Shangazi. Limezima lenyewe."

"Basi limekuona uso." Shangazi aliinamia injini, akanusa, akakunja pua. "Limechoka tu. Nipe ile ya bluu tuitie kwenye petroli, huenda likapata nguvu."

Mkunga aliigeukia chupa tupu ya kofia nyekundu.

"Kwenye petroli?"

"Tangini, mama. Mbona unanikodolea macho?"

"Shangazi, si nimeshaweka dawa tangini?"

"Umeweka nini tangini?"

"Nyekundu. Ulisema niweke kwenye mafuta."

"Ndiyo, kwenye mafuta! Mafuta!" Shangazi alipigapiga kifuniko kilicho juu ya injini. "Haya humu, meusi, ya kulainisha! Tangini nani kakutuma?"

"Hiyo ni oili!"

"Oili ni lugha yenu ninyi. Mafuta ni mafuta. Petroli ni petroli."

"Dunia nzima ikifika kituoni inasema jaza mafuta!"

"Mimi sikuwa kituoni! Mimi nilikuwa uvunguni!"

Wakatazamana juu ya boneti iliyo wazi. Dawa ya kuoshea oili ilikuwa imekwenda kwenye tangi lililokuwa na petroli ya kufunika kitako tu. Taa ya njano ilikuwa inawaka tangu jana. Injini ilikuwa imenyweshwa dawa tupu. Na jua, ambalo asubuhi lilikuwa upande wa mtungi wa maji, sasa lilikuwa limeshavuka paa.

"Ungesema injini," Mkunga alisema. "Neno moja tu. Injini. Lakini wewe huwezi kuulizwa, huwezi kurudia, kila kitu mtu akijue kwa kuota! Ndiyo maana kazini walikunyang'anya funguo!"

Upande wa pili wa ukuta jirani alikuwa akikoroga chungu, na mwiko wake ulisimama.

Shangazi alijifuta vidole kimoja kimoja kwa kitambaa. Kisha akachukua spana na beseni la zamani, akajilaza tena chini ya gari, safari hii upande wa nyuma. Mkunga alibaki amesimama, uso unamwaka. Alitamani yale maneno yangekuwa na mkia, ayashike ayarudishe mdomoni.

"Jirani!" sauti ilitoka chini, kavu. "Zima jiko lako, tunamwaga petroli!"

"Na chakula changu?"

"Utakila kibichi, lakini utakila ukiwa hai!"

Jirani akazima, akilalamika. Nati ya tangi ilikuwa imeshikwa na kutu, na kila spana ilipoteleza Mkunga alisikia Shangazi akiguna. Alijilaza kando yake bila kuombwa, akashika spana pamoja naye, wakavuta. Ikagoma. Wakavuta tena. Nati ikaachia ghafla, na kilichotoka kikawamwagikia mikononi kabla hakijalipata beseni.

Haikuwa petroli ile aijuayo mtu. Iliingia beseni ikiwa na rangi ya chai, na chini yake yakajikusanya matone makubwa yaliyoteleza huku na huku yasitake kuchanganyika, pamoja na unga mwekundu wa kutu.

Shangazi alitia kidole, akakiinua kwenye mwanga, akakisogeza karibu kabisa na jicho.

"Maji," alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza kwa Mkunga tangu yale ya funguo. "Limekuwa likinywa maji. Dawa ya bluu ingefanya nini hapa? Ingeoga tu."

"Kwa hiyo ndiyo yaliyokuwa yanalikwamisha?"

"Ndiyo. Na tusingefungua huku kama usingekosea."

"Kama *tusingekosea*, Shangazi."

Shangazi hakubisha, na kwa Shangazi hilo lilikuwa jambo kubwa.

Wakalisuuza tangi kwa petroli kidogo iliyobaki kwenye dumu, wakaimwaga nayo, wakafunga nati. Mkunga akalichukua dumu tupu.

"Nakwenda kituoni."

"Ukifika useme petroli," Shangazi alisema bila kugeuka. "Usije ukaniletea ya kukaangia."

Mkunga alikwenda nusu kukimbia. Aliporudi, bega moja limeinama kwa uzito, Shangazi alikuwa amezing'oa plagi za injini, amezisugua kwa brashi ya waya na kuzirudisha kwa kupapasa. Na langoni alikuwa amesimama dalali, funguo za akiba zinacheza kidoleni, kivuli chake kirefu kimefika mpaka kwenye gurudumu.

"Naona limegoma," dalali alisema kwa upole wa mtu aliyekwisha kupanga safari. "Nimekuja na kamba ya kulivuta."

"Jua limezama?" Shangazi aliuliza.

"Bado kidogo, mama."

"Basi kaa kimya kidogo."

Mkunga alimimina petroli, akaketi, akazungusha ufunguo. Injini ilizunguka bila kushika. Akaacha, akazungusha tena. Betri ilianza kuvuta maneno. Dalali akaikunjua kamba yake pole pole. Mkunga alimwaza binti wa kitanda cha dirishani, na mwenzake wa zamu akicheka kwa haya, na neno lile aliloshindwa kulirudisha.

"Ngoja," Shangazi alisema dirishani. "Usilikimbize. Ipe petroli nafasi ifike. Sasa."

Likapiga chafya. Likazima. Likapiga chafya nyingine, likashika, likafoka moshi mweusi, likatetemeka, kisha tetemeko likapungua, likapungua, mpaka ikabaki ngurumo moja iliyonyooka.

Dalali alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. "Linatoa moshi."

"Na wewe ukiamka hupigi miayo?"

Dalali alikunja kamba yake, akaondoka akiwa anapiga simu.

Kazi ilikuwa haijaisha. Oili ilikuwa bado ile ile nyeusi, na dawa yake ilikuwa imekwisha kwenda isikotumwa. Walizima injini, wakaimwaga hivyo hivyo ingali moto, wakabadilisha chujio, mikono yao ikawa myeusi mpaka viwikoni, na Mkunga alichoka kiasi kwamba galoni jipya la oili lilimshinda kulifungua, Shangazi akamfungulia.

"Haya, mimina mafuta," Shangazi alisema. Kisha akasita. Akanyoosha mkono, akaweka kiganja juu ya mdomo wa injini kuuonyesha, akakiondoa.

Mkunga alimimina. "Shangazi, lile neno la funguo..."

"Angalia galoni, utamwaga."

Alipomaliza, alitoa funguo mfukoni akaziweka kwenye kile kiganja cheusi cha Shangazi.

"Liwashe wewe."

"Macho yangu, mama."

"Kuwasha tu. Kisha lisogeze mpaka ukutani, mimi natembea mbele."

Shangazi alikaa nyuma ya usukani kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alivuta kiti mbele, akakirudisha nyuma, akagusa kioo ambacho hakikumsaidia sana. Kisha akachungulia nje kwa ukali ule ule wa asubuhi.

"Umefunga mafuta?"

Mkunga hakuuliza. Alishika kifuniko cha juu ya injini, akakikaza. Akazunguka mpaka ubavuni, akakishika cha tangi, akakikaza nacho.

"Yote," alisema, akaenda kusimama mbele ya gari.