Mashine ya Zamu

Mwalo wetu, ufuko tunapoegesha mitumbwi, uko mbele kidogo ya Ilagala, na mwezi ukiwa mkubwa hatuvui. Dagaa hufuata taa gizani. Mbalamwezi ikiangaza ziwa zima, taa yako itamvutia nani? Basi siku hizo mashine za mitumbwi hupelekwa kwa mafundi Bangwe, kule mjini. Zote isipokuwa moja, inayobaki kwa zamu, mgonjwa asije akakosa usafiri. Ndivyo tulivyoishi miaka yote.

Kisha kampuni inayonunua dagaa wetu ikatuletea boti ya wagonjwa. Nyeupe, jina la kampuni ubavuni. Davis, ofisa wao wa huduma kwa jamii, kijana wa maneno matamu, alitupanga tukapigwa picha mpaka jua likatuchoma. Sisi nasi tukapiga vigelegele, na zamu tukaifuta. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Sisi tuliuacha mchana kweupe, tena kwa makofi.

Mwaka huu, mashine zote zikiwa Bangwe, mke wangu Recho akashikwa na uchungu asubuhi. Mkunga akampima, akasema mtoto amekaa vibaya, akimbizwe mjini. Barabara ilikuwa imekatwa na mvua. Nikakimbilia mwaloni. Boti ipo, inang'aa, lakini nyuma yake hakuna mashine. Mlinzi akasema kampuni iliifuata juzi.

Nikampigia Davis.

"Pole sana, kaka Gasper," akasema. "Faida imeshuka. Bodi imesimamisha matumizi yote ya huduma kwa jamii mpaka ipitishe hesabu za mwaka. Mimi sina mamlaka."

"Mke wangu anakufa, Davis!"

"Nielewe, kaka. Ni taratibu za utawala bora. Bodi inakaa Jumatatu."

Jumatatu! Kana kwamba mtoto tumboni naye ni mjumbe, atasubiri kikao.

Tulimlaza Recho kwenye mtumbwi wangu. Mama yake, Melania, akampakata kichwa, nasi wanaume tukashika makafi. Upepo ulitoka mbele. Nilipiga kafi mpaka viganja vikachubuka, na milima ilibaki palepale.

"Mana yanje!" Recho alimlilia Mungu wake kwa Kiha. "Gasper, bado?"

"Tunakaribia," nikamdanganya.

Nilimwomba Mungu, nikamtukana Davis, nikamwomba Mungu tena. Recho akauliza mara nyingine, kwa sauti ndogo, kisha hakuuliza tena. Mama Melania akafungua kitenge chake, akamfunika mpaka usoni.

"Geuzeni, wanangu," akasema.

Tuliwazika pamoja, mama na mtoto ambaye hakuliona jua. Tulipotoka makaburini wanakijiji wakarudisha zamu. Mashine ya kwanza kubaki ilikuwa yangu. Sikujua niifanyie nini. Niliifuta vumbi kila asubuhi, nikilia.

Siku moja Davis akapiga simu, amechangamka.

"Kaka Gasper, habari njema! Hesabu zimepita, mashine ya boti inarudi. Alhamisi nakuja na wanahisa waone kazi yetu. Tunaomba mama mmoja na mtoto wake, wapige nao picha. Shemeji si alishajifungua?"

Nilitaka kumtukana, matusi yakakataa kutoka.

"Njooni," nikamwambia. "Wako pamoja. Nitawapeleka walipo."

Akanishukuru kwa ushirikiano.