Pasipofika Mkono

Mwasho ulimwanza Mzee Mbaraka kipupwe kilipoingia, ukungu ulipokuwa unakaa juu ya Mtae, kijiji cha mlimani, mpaka karibu na adhuhuri. Mwanzoni ulikuwa kwenye miundi tu. Alijikuna akiwa shambani, akasahau. Baadaye ukapanda mapajani, ukazunguka kiunoni, kisha ukatulia katikati ya mgongo, pale ambapo mkono ukipitishwa juu ya bega haufiki, na ukipitishwa kwa chini haufiki vilevile.

Mkewe, Shamsa, alikuwa amefariki wakati wa masika. Walioana wakiwa vijana, na kila msimu wa baridi, Mbaraka alipotoka kuoga, Shamsa alikuwa akimwita akae kwenye kigoda, akampaka mafuta ya nazi mgongoni kabla hajavaa shati. Mbaraka aliyaona hayo kuwa mazoea ya mkewe tu. Mara nyingine alinung'unika kwamba anacheleweshwa kwenda shambani. Shamsa hakuwahi kumweleza kwa nini anampaka, naye hakuwahi kuuliza.

Sasa alijitibu kwa akili yake mwenyewe. Alidhani mwasho ni uchafu, basi akawa anachemsha maji hadi yanatoa mvuke mzito, anajisugua kwa dodoki na sabuni ya mche, ile ya kufulia. Akiwa bado anajimwagia maji alipata raha kubwa. Akishajikausha, ngozi ilikaza mwili mzima kama nguo iliyorudi baada ya kufuliwa, na mwasho ulirejea na hasira zaidi. Akavaa sweta la sufu bila kitu ndani, akakaa jikoni ameupa moto mgongo. Mikono ikapauka, visigino vikapasuka, na alipotawadha alfajiri kwa maji ya baridi, vidole vilimchoma.

Kwa mgongo alitumia gunzi la mahindi. Gunzi liliposhindwa, aliegemea mwimo wa mlango na kujisugua huku na huku kama ng'ombe kwenye nguzo ya zizi. Siku moja alikuwa katika hali hiyo, macho ameyafumba, akasikia mtu anakohoa uani. Alikuwa Rajabu, jirani yake, ambaye shamba lake la maharage limepakana na lake.

"Mgosi, vipi?" Rajabu aliuliza, akimwita kama wanaume wa huko wanavyoitana. "Isije ikawa upele huo."

"Hapana. Vumbi tu."

Rajabu alikuwa amekuja kurudisha jembe. Aliliweka chini pale pale uani, badala ya kumkabidhi mkononi, akaaga na kwenda zake.

Pengine Rajabu hakuwa na nia mbaya. Lakini Mbaraka alilifikiria jembe lile siku nzima. Ijumaa iliyofuata alisimama safu ya nyuma msikitini, pembeni kabisa, na baada ya swala hakupita barazani kunywa kahawa na wenzake kama kawaida. Wiki nyingine hakupita tena. Hakuna aliyekuja kumuuliza. Watu walisema mzee bado ana msiba, aachwe apumzike. Akaachwa.

Binti yake, Rahma, ameolewa Magoma, chini kabisa ambako mtu halali na blanketi. Alikuwa akipiga simu mara kwa mara.

"Shikamoo, tate. Unaendeleaje?"

"Marahaba. Mimi mzima."

"Unakula?"

"Nakula."

Baada ya hapo hawakuwa na la kuzungumza. Zamani simu ilikuwa ya Shamsa. Ndiye aliyejua kuuliza habari za mashemeji, za kuku, za mtoto aliyeota meno. Mbaraka alibaki ameishika simu sikioni hata baada ya laini kukatika.

Asubuhi moja aliamka shati limeng'ang'ania mgongoni. Alipolivuta aliona damu na maji ya njano. Hapo aliogopa. Akavaa koti, akashuka zahanati.

Muuguzi aliyekuwepo aliitwa Elinuru, mwanamke wa makamo, mwenyeji wa upande wa Kwai. Alimwamkia, akamwambia avue shati, akauangalia mgongo kwa makini. Kisha akamtazama katikati ya vidole, kwenye viganja na kiunoni.

"Mzee, usiku mwasho unakuzidia kuliko mchana?"

"Nikikaa karibu na moto ndio unanizidia. Na nikitoka kuoga."

"Nyumbani kuna mwingine anayejikuna?"

"Hakuna."

"Basi sioni dalili ya upele. Ngozi yako imekauka. Baridi na upepo wa huku juu vinakausha, umri nao unapunguza mafuta ya mwilini, kisha wewe unaongezea maji ya moto na sabuni kali. Hivi vidonda umejitia mwenyewe kwa kujikuna, vimeingia uchafu."

Mbaraka alishusha pumzi. Alitamani Rajabu angekuwepo asikie.

Elinuru alimsafisha vidonda, akampa dawa ya kupaka, akamwelekeza taratibu. Aoge maji ya uvuguvugu, na asikawie bafuni. Dodoki aliache. Atafute sabuni ya kuogea isiyo kali, na aitumie kwapani na sehemu zenye jasho, si mwili mzima. Akitoka asijisugue na taulo, ajifute kwa kuigusagusa ngozi, na ingali na unyevu apake mafuta, ya nazi au ya mgando, mwili wote. Akishatawadha apake tena mikononi. Ndani ya sweta avae fulana ya pamba. Moto auote kwa mbali. Kucha azikate.

"Vidonda vikishafunga, mgongo ndio usiusahau," alisema. "Hapo ndipo palipokauka zaidi. Nyumbani yupo wa kukupaka?"

Mbaraka alikuwa anafunga vifungo vya shati.

"Yupo," alisema.

Aliyafuata maelekezo yote. Alinunua mafuta ya mgando, akaanza kuoga mchana jua likiwa limetoka. Haikuchukua muda mrefu miundi ikalainika, mikono ikaacha kuchoma, visigino vikaanza kufunga. Vidonda vya mgongoni navyo vilikauka. Lakini mgongo wenyewe uliendelea kuwasha. Alijaribu kupaka mafuta kwenye mwiko na kuupitisha nyuma, yakadondoka sakafuni. Alijaribu kuyapaka ukutani na kujiegemeza, akapata vumbi la ukuta tu.

Jioni moja alikwenda kwa Rajabu akiwa na kopo la mafuta mfukoni mwa koti. Walikaa mbele ya nyumba. Walizungumza juu ya maharage, juu ya barabara iliyoharibika, juu ya ukungu. Mara mbili Mbaraka alitia mkono mfukoni. Mtu mzima unamwambiaje mwanamume mwenzako akupake mafuta mgongoni? Alikunywa chai, akashukuru, akarudi na kopo lake.

Mwezi uliofuata aliteremka Magoma kumwona binti yake. Joto la kule lilimpokea kama mtu aliyekuwa akimngoja. Siku ya pili alikuwa amevua shati, amekaa chini ya paa la uani, Rahma akapita nyuma yake na ndoo. Akaitua.

"Tate, mgongo umefanya nini?"

"Ulikauka. Baridi."

"Mbona zamani haukuwa hivi?"

Mbaraka alitazama kuku waliokuwa wakichakura. "Mama yako alikuwa akinipaka mafuta," alisema.

Rahma aliingia ndani, akatoka na mafuta ya nazi. Alimpaka mgongo mzima. Mkono wake ulikuwa mwepesi na wa haraka, mkono wa mtu mwenye kazi nyingine zinazomngoja, haukufanana na wa Shamsa. Hata hivyo Mbaraka aliinamisha kichwa, akabaki ameinama hata baada ya Rahma kumaliza.

"Kaa hapa," Rahma alisema. "Huko juu kuna nini tena?"

Alikaa. Mwasho uliisha kabisa, maana hewa ya Magoma haikaushi ngozi namna ile. Lakini Rahma na mumewe walishinda sokoni, wajukuu walikuwa shuleni, na waliporudi walizungumza Kiswahili, hata wao kwa wao. Alipowasemesha Kishambaa walicheka kwa adabu na kumjibu kwa Kiswahili. Majirani walimwamkia vizuri, kisha wakaendelea na safari zao. Hakuwa na jembe mkononi, hakuwa na kilima cha kutazama. Aligundua kwamba upweke ulikuwa umeshuka naye kutoka Mtae, na kwamba kule juu angalau alikuwa na shughuli ya kufanya.

Alichoondoka nacho ni kitu alichokiona kwa mkwewe. Kila jioni kijana yule alitoka bafuni akijifuta mgongo kwa taulo alilolishika ncha mbili, moja juu ya bega na nyingine kiunoni, akilivuta juu na chini.

Alipofika nyumbani alifungua sanduku la Shamsa, ambalo hakuwa amelifungua tangu mazishi. Khanga zilikuwa zimekunjwa vizuri. Aliziinua moja moja, akazirudisha. Mwishowe alichagua iliyochakaa kuliko zote, iliyofifia hata maneno yake hayakusomeka. Alikaa nayo mapajani kwa muda mrefu. Kisha akaichana ukanda mrefu, na mlio wa kitambaa kuchanika ulijaza nyumba nzima.

Alioga, akajifuta kidogo, akapaka mafuta katikati ya ukanda, akaupitisha mgongoni. Mara ya kwanza ulijipinda. Mara ya pili ulilala sawasawa, mafuta yakafika. Alivuta juu, akavuta chini. Pale katikati palipomsumbua kwa muda wote ule palipoa. Akavaa fulana, akavaa sweta, akakaa. Nyumba ilikuwa kimya, na kimya hicho hakikupungua kwa sababu mgongo umepona.

Ijumaa alirudi kwenye safu yake ya kawaida msikitini. Rajabu alisimama karibu naye, bega kwa bega, na baadaye walikunywa kahawa. Hakuna aliyetaja upele wala vumbi.

Simu ya Rahma ilipoingia alikuwa shambani, ukungu umefunika migomba ya jirani.

"Shikamoo, tate. Mzima?"

Mbaraka alikuwa karibu kujibu kama kawaida. Akaliegemea jembe.

"Mgongo umepona," alisema. "Ila nyumba kimya sana, mwanangu. Mchana sijali. Jioni ndiyo inanishinda."

Upande wa pili kelele za soko zilififia, kama za mtu aliyesogea pembeni.

"Nisimulie leo umefanya nini," Rahma alisema, safari hii kwa Kishambaa. "Anzia asubuhi."

Mbaraka alikaa juu ya jiwe kwenye ukingo wa shamba, akavuta kola ya sweta kujikinga na upepo, akaanza kumsimulia.